Ozoni inayoishia njiani: kisa cha kiwanda kidogo cha maji, Usa River

Malalamiko yalianza madukani. Wenye maduka wa Tengeru na Usa River walianza kurudisha chupa kubwa za dispensa, zile za lita 20. Walisema ukipitisha kidole ndani ya shingo unakuta utelezi, na maji yenyewe yananuka kama nguo iliyofungiwa ikiwa mbichi. Mwaka uliotangulia, kiwanda hichohicho, kwa kisima hichohicho na mashine hizohizo, kilikuwa kinatoa maji yanayokaa dukani miezi bila neno. Maabara iliyopelekewa sampuli ikarudisha jibu kwamba bakteria wa kawaida wa maji wamezidi kiwango. Vijidudu vya kinyesi havikuonekana. Hilo lilitupa fununu sisi tulioitwa kuchunguza: maji hayakuchafuliwa na choo wala mfereji, kuna hatua ndani ya kiwanda iliyoacha kufanya kazi yake.

Anayeijua Arumeru hatashangaa kwa nini kiwanda hicho kipo. Maji ya chini ya ardhi upande huu wa Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano, yakatoka na bikaboneti nyingi ya sodiamu (ile ya soda ya kuokea), pH ya juu, yaani ualkali, na floraidi. Kisima tunachokizungumzia kina floraidi miligramu 5 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, nayo imeshuka hadi hapo. Meno ya kahawia ambayo floraidi huwapa watoto wa vijiji vya huku ndiyo tangazo la biashara lisilohitaji bango. Mwenye kiwanda, mama mmoja aliyeanza kwa kuuza maji ya jumla, alinunua mashine ya RO, yaani utando unaochuja chumvi kwa msukumo mkubwa, na floraidi ikashuka hadi 0.2. Baada ya RO maji huingia tangi la maji safi, kisha hupigwa ozoni, gesi inayoua vijidudu, hupumzika kwenye tangi dogo, halafu huenda kwenye kijazio.

Niseme mapema jambo ambalo wauzaji wa vifaa hulipotosha: ozoni haiondoi floraidi hata chembe. Ozoni hufanya kazi kwa kunyang'anya elektroni, na floraidi ni kitu cha mwisho duniani kukubali kunyang'anywa. Kazi ya kuitoa ni ya RO, au ya mkaa wa mifupa ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiufanyia kazi kwa miaka mingi. Kwenye kiwanda cha chupa, ozoni ina kazi mbili: kuua vijidudu ndani ya maji, na kubaki hai mpaka ndani ya chupa ili iue vilivyobaki ukutani na kwenye kifuniko. Kazi ya pili ndiyo iliyokufa hapa. Chupa za dispensa zinarudi kutoka kwa wateja zikiwa zimekaa juani, zimeguswa, zimewekwa chini sakafuni. Kuzisafisha kunasaidia, lakini miligramu 0.2 hadi 0.4 za ozoni kwa lita wakati wa kujaza ndizo zinazomaliza kazi. Marekani imeweka 0.4 kuwa kikomo cha juu cha ozoni katika maji yanapojazwa chupani, na mafundi wengi wa fani hii hufuata namba hiyo.

"Mashine imechoka"

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya fundi wa zamu. "Mama, mashine imechoka, tuagize nyingine." Kabla ya kuagiza, alifanya ambalo kila mtu angefanya: alizungusha kitasa cha ozoni hadi mwisho.

Chumba cha kujazia kikajaa ile harufu kali inayofanana na ya hewa baada ya radi. Vijana wawili wakaanza kukohoa. Kikomo cha ozoni hewani mahali pa kazi ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa zamu ya saa nane, na pua huinusa ikiwa chini ya hapo sana, ila pua hiyohiyo huzoea haraka, kwa hiyo mtu aliyekaa chumbani nusu saa hawezi kuiamini. Mipira ya kuzuia uvujaji kwenye viungo vya bomba ilikakamaa na kupasuka, maana mpira wa asili na ozoni havikai nyumba moja. Na bado chupa zilirudi.

Kilichowachanganya zaidi ni kipimo. Walikuwa na kifaa cha klorini cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi. Ozoni nayo hugeuza rangi hiyo, basi kila asubuhi walichota maji kwenye bomba la tangi la ozoni, waridi ikatokea, wakaandika "safi" kwenye daftari. Bomba hilo liko hatua mbili tu kutoka ozoni inapoingia. Hakuna aliyewahi kupima kwenye kijazio.

Mashine haikuwa imechoka. Tuliipima gesi yake, ikawa inatoa kile inachoweza kutoa mahali hapa. Nasema mahali hapa kwa sababu Usa River iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, msukumo wa hewa ni chini ya asilimia 90 ya ule wa pwani, na gesi huyeyuka majini kwa kadiri ya msukumo wake. Namba zilizobandikwa kwenye mashine zilipimwa usawa wa bahari. Anayenunua mashine kwa kusoma kibandiko hicho peke yake atapungukiwa tangu siku ya kwanza, na huyu mama alikuwa amepungukiwa kidogo, lakini hilo lilikuwapo hata mwaka ule maji yalipokuwa mazuri.

Tulichouliza ni nini kilichobadilika kabla ya ozoni, si kwenye ozoni. Jibu lilichukua muda kutoka, kwa kuwa hakuna aliyeliona kuwa ni jambo. Wateja walisema maji ya RO ni chapwa na yana uchachu kidogo. Ni kweli: utando huzuia bikaboneti lakini hewa ya ukaa hupita, kwa hiyo maji yanatoka na pH 6.3. Sokoni nako kumeingia mtindo wa "maji ya alkali". Mama akafunga pampu ndogo inayodondosha kostiki soda, kemikali kali ya alkali, kwenye tangi la maji safi, pH ikapanda hadi 9.3, lebo mpya ikachapishwa. Pampu hiyo ilifungwa kabla ya ozoni.

Bluu inayopauka

Kipimo kinachofaa ozoni ni indigo. Watafiti Heinz Bader na Jürg Hoigné walikieleza mwaka 1981 na mpaka leo hakijapata mpinzani. Rangi ya bluu ya indigo hupauka mara tu inapokutana na ozoni, na kiasi cha kupauka ndicho kiasi cha ozoni. Unaweka rangi kwenye chupa kwanza, kisha unaingiza mpira mwembamba wa sampuli hadi chini ya rangi na kuacha maji yapande taratibu bila kutikisika. Ukichota kwenye kikombe na kumimina, ozoni nyingi imeshapaa hewani kabla hujaanza.

Tulizima pampu ya kostiki, tukasuuza tangi, tukarekebisha kitasa mpaka maji yanayotoka kwenye tangi la ozoni yawe na miligramu 0.40. Tukayaacha kwenye chupa iliyofungwa, tukawa tunachota kidogokidogo. Baada ya dakika 10 yalikuwa na 0.30. Tukawasha kostiki, tukarudi kwenye 0.40 ileile. Baada ya dakika 2 ilibaki 0.11. Dakika ya 5 bluu ilikaa bluu, haikupauka kwa jicho wala kwa kifaa. Na safari ya maji kutoka tangi la ozoni, kupitia tangi dogo hadi midomo ya kijazio, ni dakika 5.

Fundi wa zamu aliishika chupa ile ya bluu akaitazama kwenye mwanga wa dirishani. "Kwa hiyo tulikuwa tunajaza maji matupu," alisema. Hilo ndilo jibu zima la upande wa uendeshaji. Sababu yake, hata hivyo, inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa bila kuielewa mtu atatibu kisa hiki na kuanzisha kingine.

Mnyororo na kinachoukata

Mwaka 1982, Johannes Staehelin na Hoigné, wakiwa Uswisi, walionyesha ozoni inaanzaje kuvunjika ndani ya maji: hidroksidi, ile chembe inayoyafanya maji yawe ya alkali, huigonga ozoni. Kutoka pH 6.3 hadi 9.3 ni hatua tatu, na kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo hidroksidi iliongezeka mara 1,000. Maisha ya ozoni hayakupungua mara 1,000, kwa kuwa kwenye maji ya uchachu kidogo kuna njia nyingine ndogondogo zinazoivunja, lakini yalipungua zaidi ya mara 20.

Sasa fanya hesabu. Kasi ya hidroksidi kuigonga ozoni inajulikana: 70, kwa vipimo vya moli, lita na sekunde. Kwa pH 9.3, mgongano huo peke yake ungeondoa asilimia 8 hivi ya ozoni kila dakika. Sisi tulipima karibu nusu kila dakika. Tofauti hiyo ndiyo mnyororo. Mgongano wa kwanza unazaa supaoksidi, chembe ya oksijeni yenye elektroni ya ziada, na supaoksidi huigonga ozoni kwa kasi ya zaidi ya bilioni moja kwa vipimo vilevile. Hapo inazaliwa radikali ya hidroksili, kitu chenye njaa kuliko ozoni yenyewe, kisichodumu hata sehemu ya elfu ya sekunde kabla hakijamrukia chochote kilicho jirani. Kikimrukia ozoni nyingine, au baadhi ya mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini, supaoksidi inazaliwa upya na mzunguko unaanza tena. Kwenye maji ya asili radikali hizi ni chache mno, mara nyingi kama moja kwa kila chembe milioni mia za ozoni, lakini ndizo zinazoamua ozoni itaishi dakika au saa.

Ni moto wa nyika. Cheche moja haiunguzi mlima, kinachounguza ni nyasi kavu zilizounganika. Na kinga dhidi yake, kama wanavyojua wanaoishi kando ya msitu wa Meru, ni kulima mkanda mtupu moto ufike ufe. Bikaboneti ndiyo mkanda huo. Inainasa radikali ya hidroksili na kugeuka radikali ya kaboneti, ambayo ni mpole na haina haja kubwa na ozoni. Mnyororo unakatika hapo.

Hapo ndipo uamuzi wa kostiki unapoonekana ulivyokuwa na sura mbili. RO iliondoa karibu bikaboneti yote, yaani ilifuta mkanda. Kostiki ikaongeza cheche. Kila moja peke yake isingeua ozoni kwa kasi hiyo, na tulilithibitisha pale pale. Tulichukua maji ya kisima yenyewe, yasiyopita RO, yenye pH 8.4 na bikaboneti tele, tukayapulizia ozoni kwenye silinda ya kioo hadi 0.40. Baada ya dakika 10 yalikuwa bado na 0.12. Maji ghafi yaliitunza ozoni kuliko maji yaliyosafishwa na kutiwa kostiki! Kisha tukachukua maji ya RO, tukatia bikaboneti ya sodiamu, tukasawazisha pH irudi 9.3. Dakika ya 5, pale ambapo mwanzo hapakuwa na kitu, tulisoma 0.12. Ukikata mnyororo, ozoni hufa polepole zaidi.

Kwa kuwa silinda ilikuwa mezani, vijana waliomba tujaribu maji ya Mto Usa, yakiwa na rangi ya chai hafifu baada ya mvua. Tulipuliza kwa muda, na ozoni haikuonekana kabisa. Rangi ndiyo iliyopauka kwanza. Maji ya mto yana mabaki ya majani yaliyooza, na sehemu zake nyingi huila ozoni moja kwa moja, kwa sekunde, kabla hata mnyororo haujaanza. Chuma kilichoyeyuka nacho hula, kama miligramu 0.43 za ozoni kwa kila miligramu ya chuma, na manganizi hula maradufu ya hapo. Ukizidisha dozi, manganizi hugeuza maji kuwa ya waridi, na mwenye kifaa cha vidonge vya waridi anaweza kudanganyika vibaya. Ndiyo maana maisha ya ozoni hayasomwi kwenye kitabu cha mashine. Huko nje maji moja huitunza kwa saa nzima na mengine huimaliza kwa sekunde, na yote mawili yanaweza kuonekana meupe glasini.

Mnyororo huu si adui siku zote. Anayehangaika na mabaki ya viuatilifu kutoka mashamba ya maua atautafuta kwa makusudi, kwa sababu dawa kama atrazini haishtuki sana kwa ozoni lakini huvunjwa na radikali ya hidroksili. Mtu huyo atapandisha pH au atatia peroksidi ya hidrojeni. Ila yeye hataki ozoni ifike kwenye chupa.

Njia tatu, na iliyochaguliwa

Mama alitaka kwanza abaki na pH 9.3 na lebo yake. Njia ya kumridhisha ilikuwapo: kuhamishia kostiki baada ya ozoni, sekunde chache kabla ya kijazio. Ozoni ingekuwa na dakika moja au mbili za kufanya kazi ndani ya chupa kabla ya kufa. Sikuipenda na nilimwambia hivyo. Inaacha upenyo mdogo mno kwa chupa zinazotoka mitaani, na siku kijazio kikikwama, upenyo umekwisha. Zaidi ya hapo, sioni sababu ya kiafya ya kumuuzia mtu maji ya pH 9.3. Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha pH kwa misingi ya afya, na tumbo la binadamu lina asidi ya kutosha kuimaliza kostiki kidogo hiyo kwa mkupuo mmoja.

Njia ya pili ilipendekezwa na fundi, na ilikuwa na akili: kuchanganya maji ya RO na maji kidogo ya kisima. Bikaboneti inarudi, pH inapanda bila kostiki, ladha inapona. Hesabu ni nyepesi. Ukitaka floraidi isizidi miligramu 1, unaweza kuingiza sehemu moja ya maji ya kisima kwa kila sehemu sita. Nilisita kwa mambo mawili. Floraidi ya visima vya huku inaweza kubadilika, na valvu ya kuchanganyia ikilegea, watoto wanakunywa kile ambacho wazazi wao wamelipa wasikinywe. La pili ni bromaidi, chembe ya chumvi inayoweza kuwamo kwenye maji ya ardhini. Maji ya kisima yakibeba bromaidi, ozoni huigeuza hatua kwa hatua kuwa bromati, ambayo inashukiwa kusababisha saratani na kikomo chake ni maikrogramu 10 kwa lita. Kadiri pH inavyopanda ndivyo hatua za kati zinavyoelekea zaidi kwenye bromati. Kitasa kilichozungushwa hadi mwisho kwenye maji ya pH 9.3 kingekuwa balaa kama RO isingekuwa imeiondoa bromaidi kwanza. Sampuli ya wakati ule ilipopimwa, bromati ilikuwa chini ya kikomo.

Tulichagua kalisiti, mawe meupe ya jamii ya marumaru yaliyopondwa kama mchele, ndani ya tangi la kichujio, baada ya RO na kabla ya ozoni. Hewa ya ukaa iliyopita kwenye utando, ileile iliyoleta uchachu, inayeyusha jiwe na kugeuka bikaboneti ya kalisiamu. Hakuna pampu ya kusahaulika na hakuna kemikali ya kuzidisha, kwa sababu hewa ya ukaa ikiisha jiwe karibu halina la kuyeyushwa tena. pH ilisimama 7.8. Ladha, kwa maneno ya vijana wa kiwandani, "imerudi kuwa maji". Tulipima tena kwa indigo: kutoka 0.40, dakika ya 5 kulikuwa na 0.30, na safari hii tulichota kwenye mdomo wa kijazio. Kitasa cha ozoni kikarudishwa chini karibu nusu. Mipira ilibadilishwa ikawekwa ya silikoni, na bomba la gesi inayobaki likatolewa nje juu ya paa. Lebo ya alkali ilikuwa imechapishwa kwa wingi, na kuitupa ndiyo gharama iliyomuuma mama kuliko kalisiti yenyewe.

Daftari sasa lina safu mbili mpya: pH ya maji yanayoingia kwenye ozoni, na ozoni kwenye kijazio. Ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, maana ikipanda juu ya 8.3 fundi anajua kabla ya chupa kujua.

Lilibaki jambo moja. Wakati ule wa wasiwasi, mama alikuwa ameshanunua taa ya urujuanimno (UV), na muuzaji alimwelekeza aifunge mwishoni kabisa, kati ya ozoni na kijazio, "kwa usalama wa ziada". Mwanga wa taa hizo, wa nanomita 254, ni mojawapo ya njia za haraka kabisa za kuvunja ozoni majini. Viwanda vingine huitumia kwa kazi hiyohiyo. Ingefungwa pale, kijazio kingesoma sifuri tena na mashine ingelaumiwa upya. Imefungwa kabla ya ozoni, baada ya kalisiti, mahali inapoweza kuua bakteria wanaojificha kwenye mawe bila kuigusa ozoni.